Pua ya Arfaja na mgongo wa mtoto

Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake vitani, siku ya Kulab, zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikaanza kunuka usoni mwake. Mtume Muhammad akamwamrisha aweke ya dhahabu. Kisa hiki wamekipokea Abu Daud na Tirmidhi, na kwa kawaida hutajwa pale inapozungumzwa hukumu ya dhahabu: ni haramu kwa mwanamume, ila haja ya tiba imemfungulia mlango. Lakini ndani ya kisa mna jambo jingine lisilosemwa sana. Pua ile haikumfaa mtu mwingine yeyote duniani. Ilipimwa kwa uso mmoja, na ile ya kwanza iliposhindwa kazi ikaletwa ya ghali zaidi. Hadithi haisemi kwamba kuna aliyeuliza kama uso wa mtu mmoja unastahili dhahabu hiyo.

Swali hilo leo linaulizwa, na linaulizwa kuhusu watoto.

Mtoto mwenye mgongo uliopinda sana, anapoandaliwa kwa upasuaji katika baadhi ya hospitali za Ulaya na Marekani, hupigwa picha za CT, na kompyuta ikajenga kutokana nazo umbo la kila pingili ya uti wake. Daktari hukaa mbele ya kioo akachora njia ya kila skrubu: iingilie wapi, ielekee wapi, ikomee wapi. Kisha printa ya 3D huchapa, mara nyingi kwa nailoni, kielekezi kidogo chenye mirija miwili, ambacho upande wake wa chini umefuata kila kishimo na kila kinundu cha mfupa ule. Ndani ya thieta nyama huondolewa juu ya mfupa mpaka ukabaki mweupe, na kielekezi kikabandikwa. Kikituama pasipo kucheza, drili hupita ndani ya mirija. Kikicheza, huwekwa kando na daktari akarudi kwenye mkono na uzoefu wake. Kila pingili inayowekwa skrubu ina kielekezi chake, na kazi ikiisha vyote hutupwa.

Sababu ya uangalifu huo iko kwenye mfupa wenyewe. Tangu Raymond Roy-Camille alipoanza mbinu hii Paris miaka ya 1960, skrubu hupitishwa katika kidaraja cha mfupa kinachounganisha nyuma ya pingili na mbele yake. Kwa mtoto, hasa upande wa ndani wa pindo, kidaraja hicho chaweza kuwa na upana wa milimita chache tu. Pembeni mwake unapita uti wa fahamu. Mbele ya mfupa, mshipa mkuu wa damu. Skrubu ikikosea njia yaweza kumwacha mtoto hana miguu ya kusimamia.

Mzazi wa Mjambere, huko Kisauni, Mombasa, atasikia pingamizi la kwanza kabla hajafika hospitali yoyote: kazi ya Mungu haina makosa, mwache alivyoumbwa. Wapo wanaoitegemeza kauli hiyo na aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, inayotaja kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hoja hii haina nguvu inayodhaniwa. Wanazuoni wametenganisha kuchezea umbo kwa ajili ya urembo na kutibu kasoro yenye madhara, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu waziwazi upasuaji wa kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo. Mgongo uliopinda kupita kiasi hubana mapafu. Anayeunyoosha anamtafutia mtoto pumzi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa ni watu wenye huruma. Wanasema: madaktari mahiri huweka skrubu hizi kwa mkono, bila kielekezi, na watoto wengi wakapona. Fedha za kifaa cha kutupwa si zingenunua bresi, vazi gumu la kuushikilia mgongo, kwa wengine? Hoja yao ina ushahidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika vijana waliovaa bresi, asilimia 72 hawakufikia hatari ya upasuaji, dhidi ya asilimia 48 ya wale waliotazamwa tu. Bresi ikivaliwa mapema humwokoa mtoto na kisu.

Hapa msaada unatoka mbali kidogo. Aristotle, alipoeleza tofauti ya sheria na insafu, alitaja rula ya waashi wa kisiwa cha Lesbos. Ilikuwa ya madini ya risasi, nayo ilijikunja kulifuata jiwe. Hukumu ya insafu, kwake yeye, ndivyo inavyofanya inapokutana na jambo ambalo kanuni ya jumla haikuliona. Pua ya Arfaja ni mfano wa jambo hilo hilo. Kwa hiyo kumpa kila mtoto kilicho sawa na cha mwenzake si lazima kuwe ndiko kumtendea haki: mwenye pindo la nyuzi 25 haki yake ni bresi, na mwenye nyuzi 90, ambaye vidaraja vya mifupa yake vimejisokota, haki yake huenda ikawa kielekezi. Daktari mwenye mkono mzuri atakihitaji mara chache. Mara hizo chache haziondolewi na hesabu ya wengi.

Lakini kuna deni ambalo kifaa hiki huja nalo, na ndilo linalopaswa kuwashughulisha watu wa Pwani kuliko bei yake. Kanzu ya mtoto iliyopimwa Rajabu yaweza kumbana siku ya Idi, na mgongo ni hivyo hivyo: mtoto hurefuka, pindo nalo huongezeka. Vipimo vina muda wake. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100 hadi Machi 2017, kisha siku 56 mwaka 2024. Mtoto aliye katika kasi ya balehe, anayerefuka sentimita 8 kwa mwaka, huongeza zaidi ya sentimita 2 katika siku 100. Kielekezi kilichochapwa kabla ya mgomo kama ule huenda kisimkae tena mwenyewe, na mionzi ya CT aliyopigwa imekwenda bure.

Ufundi wa kumpimia mtu mmoja si mgeni bara ya Mombasa. Bombolulu, jirani na Mjambere, watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za mikono tangu 1969 chini ya APDK, chama cha kuhudumia wenye ulemavu wa viungo, na Port Reitz chama hicho hicho hushughulikia viungo bandia. Uganda, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi ilijaribu kuchapa kwa 3D vikombe vya miguu bandia ya watoto. Mashine zitafika. Miadi inayotimizwa ndiyo ngumu, na hiyo haichapwi.

Kuanza kwenyewe hakuhitaji mashine. Mtoto avue shati, asimame miguu pamoja, ainame mbele huku viganja vimekutana. Anayetazama kwa nyuma huona kama mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za pili. Ni kipimo cha William Adams, daktari wa London wa karne ya 19, na ustadhi wa madrasa au mwalimu wa gredi ya sita akionyeshwa mara moja anakiweza. Wasichana wakaguliwe na walimu wa kike, faraghani. Pindo likionekana mapema, mlango wa bresi bado uko wazi. Likishafika hatua ya thieta, na daktari akataka CT ya kuchongea kielekezi, mzazi ana haki ya kuuliza tarehe ya upasuaji kabla mwanawe hajalazwa kwenye mashine, na aandikiwe. Hospitali isiyoweza kuitaja tarehe hiyo ingoje kwanza kumpima.