Programu ya kufundisha faragha nayo ibishe hodi

Ni jambo la kheri vijana wetu wenye taaluma ya kompyuta wakiamua kutengeneza programu ya simu ya kuwafundisha watoto, na hata wazazi, namna ya kulinda siri zao mtandaoni. Mtoto wa leo anapewa simu ya mama yake ili anyamaze, na humo anabonyeza "Kubali" kabla hajajua kusoma. Lakini lipo swali la kujibu kabla kazi haijaanza. Je, anayefundisha faragha ana haki ya kumkusanyia mwanafunzi wake taarifa?

Wapo watakaosema tunakuza mambo. Basi na tukumbuke ya Novemba 2020. Waandishi wa Motherboard, kitengo cha Vice cha Marekani, walifichua kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na Qibla iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwalipa wenye programu ili wapachike ndani yake kipande cha kukusanyia taarifa, kisha inaziuza. Miongoni mwa wanunuzi walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi moja kwa moja, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Januari 2024 ndipo tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipoipiga marufuku kampuni hiyo kuuza taarifa za watu wanaofika sehemu nyeti, zikiwemo nyumba za ibada.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu ametafuta Qibla ili asimame mbele ya Mola wake, kumbe hatua zake za kwenda msikitini zimekuwa bidhaa sokoni! Na alikuwa amebonyeza "Kubali".

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Katika Surat Nur, aya ya 27 na ya 28, tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Aya ya 58 inawataja hata watoto, nao wabishe hodi katika nyakati tatu za faragha. Idhini ina maana pale tu mwenye nyumba anapoweza kukataa na asidhurike. Mgeni anayekwambia umfungulie, la sivyo atakufungia wewe mlango wa nyumba yako mwenyewe, hajabisha hodi huyo. Sasa tazama simu yako: ni programu ngapi ukizikatalia kitu kimoja zinagoma kabisa, hata kama kitu hicho hakihusiani na kazi yake?

Kwa hiyo vijana wetu wajipime hivi: mtu akikataa kila wanachomwomba, je, somo bado litafunguka? Kumfundisha mtoto asitaje jina la shule yake kwa asiyemjua hakuhitaji namba ya simu ya baba yake. Hata nyakati za swala zinaweza kukokotolewa ndani ya simu yenyewe, mtumiaji akachagua mji wake tu.

Watasema wafadhili wanataka takwimu: wangapi wamesoma, wa wapi, wa umri gani. Hoja hiyo ina uzito, maana mfadhili naye ana haki ya kujua fedha yake imefanya nini. Lakini mwalimu wa madrasa anaweza kueleza maendeleo ya darasa lake bila kumpa mfadhili majina na nyumba za watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019, nazo ni za kuheshimiwa. Ila mchamungu haishii pale sheria inapoishia.

Na gharama? Programu ndogo isiyohifadhi taarifa za watu haihitaji mitambo mikubwa ya kuzitunza. Ada ya kujisajili ili uweke programu katika duka la Google ni dola 25 za Marekani, na hulipwa mara moja tu. Msikiti mmoja wa mjini unaweza kuichanga Ijumaa moja, kabla watu hawajamaliza kuvaa viatu.