Saa ya Maisha Yote Haichaguliwi na Mmoja



Mama mmoja ameniandikia barua. Ameishi na mumewe katika ndoa takatifu miaka 32. Mumewe alistaafu mwaka jana akiwa na umri wa miaka 60, akapata kiinua mgongo chake. Siku moja mama huyo alikuwa akitoa vitu katika mifuko ya koti ili alifue, akakuta risiti ya duka la saa. Mumewe alikuwa ametoa arbuni ya shilingi 200,000 kwa saa ya mkono kutoka Uswisi yenye bei ya shilingi 700,000. Binti yao wa mwisho bado yuko chuo kikuu, na paa la jikoni linavuja.

“Padre,” aliandika, “mimi sina shida na saa. Kinachoniuma ni kwamba amechagua kitu cha kukaa nacho maisha yote, na mimi hakuniambia neno.”

Wote wawili wameniruhusu niwaeleze habari yao bila majina. Nisikilizeni, kwa maana leo ni saa, kesho ni shamba, keshokutwa ni gari.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, tusije tukahukumu tusichokielewa. Saa ya aina hii haina betri. Ndani yake mna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kipipa kidogo. Ukiitia saa ufunguo, kamani inakazwa. Halafu inajifungua polepole na kuyasukuma magurudumu yenye meno. Gurudumu moja dogo huyumba huku na huku likiizuia nguvu ile isitoke yote kwa mara moja, na hapo ndipo inapotoka ile sauti ya tiki-tiki. Katika saa nyingi za siku hizi sauti hiyo hupiga mara 8 kila sekunde, yaani mara 28,800 kwa saa moja. Ziko pia zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono wa aliyezivaa. Ukiziacha kabatini siku mbili au tatu, nyingi husimama.

Kazi hii ni ya ustadi mkubwa, na ustadi ni kipaji cha Mungu. Si dhambi kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri. Afadhali kitu kimoja kinachodumu kuliko kumi vya kutupwa. Kwa hiyo, mama, usimwone mumeo mwendawazimu.

Lakini nawe, baba, usijidanganye. Usiseme, “Ninahitaji saa nzuri nijue wakati.” Mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono ya kwatzi inayotumia betri, na tangu hapo saa ya bei nafuu inaweza kuishinda ya bei ghali kwa usahihi. Saa ya Uswisi ya kamani iliyopimwa na kupewa cheti rasmi huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri hukosea sekunde kama 15 kwa mwezi mzima. Basi anayenunua ile ya kwanza ananunua uzuri, kumbukumbu, na pengine heshima mbele za watu. Aseme hivyo waziwazi.

Katika karne ya 16 viongozi wa mji wa Geneva, wakati wa Calvin, walipiga marufuku mapambo ya anasa. Masonara walipokosa kazi ya vito wakageukia saa, kwa kuwa saa ilihesabiwa kuwa chombo cha matumizi. Haukupita muda mrefu, saa zenyewe zikawa mapambo. Ndivyo ulivyo moyo wa mwanadamu. Unajua kuivika tamaa nguo za haja. Bwana wetu, katika sura ya 6 ya Mathayo, anatukumbusha kwamba moyo huifuata hazina yake popote inapowekwa. Kabla ya kufungua mfuko, fungua moyo uone unamfuata nani.

Pili, hesabuni gharama. Katika sura ya 14 ya Luka, Yesu anatuambia juu ya mjenzi wa mnara anayepaswa kuketi kwanza na kuhesabu. Wahenga wetu nao walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Bei ya saa ni mwanzo tu. Mafuta yaliyomo ndani hukauka, na kila baada ya miaka 5 hadi 10 saa hufunguliwa yote, ikasafishwa na kutiwa mafuta upya. Kazi hiyo kwa saa ya bei kubwa hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Ulizeni: je, yuko fundi hapa nchini anayeruhusiwa na kampuni kuifungua, au itapelekwa ng'ambo? Vipuri vitapatikana baada ya miaka 20? Risiti, cheti na namba ya saa vinakubaliana? Saa za bandia ni nyingi, na nyingine zimeigwa kwa werevu unaomdanganya hata mzoefu.

Wala msinunue mkidhani ni akiba ya kuleta faida. Waliokimbilia saa kuukuu kwa bei za juu mwanzoni mwa mwaka 2022 walishuhudia bei nyingi zikishuka baadaye. Tena si lazima kuanzia juu. Saa ya kujijaza ya Seiko hupatikana kwa dola mia chache, ilhali Omega na Rolex mpya ni maelfu ya dola. Ile ya kwanza pia ikitunzwa hudumu miaka mingi. Na kamwe msikope mkopo wa chama kwa ajili ya pambo. Karo haingoji.

Tatu, na hapa ndipo penye kidonda, zungumzeni. Niliwaita wote wawili. Nilimwuliza mume: “Kwa nini saa?” Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema:

“Baba yangu alifanya kazi ya reli. Alikuwa na saa moja tu, ya kutia ufunguo. Kila usiku baada ya Rozari aliitia ufunguo, nasi watoto tukajua sasa ni kulala. Mwaka 1979 nikaitwa kidato cha kwanza. Aliiuza ili nipate karo. Hakununua nyingine mpaka alipokufa. Nilitaka mwanangu apate kutoka kwangu kile ambacho mimi sikukipata.”

Mkewe alimtazama akasema, “Miaka 32, na hadithi hii sijawahi kuisikia.”

Nikamwuliza mume kwa nini hakumwambia. Akajibu, “Niliogopa atanicheka.” Naye mama akakiri kwamba mara nyingi mumewe akitaja jambo lake mwenyewe, yeye humkata kwa neno la karo kabla hajamaliza.

Wapendwa, sisemi kwamba makosa yao yalilingana. Mume alikosea zaidi. Kiinua mgongo si cha aliyetia sahihi peke yake. Mke aliyeamka alfajiri miaka yote hiyo ili uende kazini umeshiba na nguo zako ni safi, naye amekifanyia kazi. Kuficha risiti ni kumwambia, “Wewe si mwenzangu katika hili.” Hata hivyo, mume au mke anayejua kwamba kila ombi lake litakatwa, hujifunza kuficha. Nyumba isiyosikiliza huzaa siri.

Saa haidumu kwa sababu ni ghali. Hudumu kwa sababu yupo anayeitunza. Kule Uingereza, katika kanisa kuu la Salisbury, kuna saa ya chuma inayokadiriwa kutengenezwa mwaka 1386. Haina uso wala mishale, kwani kazi yake ilikuwa kugonga kengele tu. Mwaka 1884 iliwekwa kando ikasahaulika. Mwaka 1928 ikaonekana tena, na mwaka 1956 ikatengenezwa. Leo inatembea. Ziko ndoa zilizowekwa kando namna hiyo ndani ya nyumba moja. Msizikatie tamaa. Lakini kwa nini kungoja miaka? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kama saa inavyotiwa ufunguo kila siku, mume na mke waketi pamoja kila jioni, hata kwa dakika kumi, simu zikiwa mbali. Na kumbukeni kwamba hata saa yenye cheti hukosea sekunde chache kila siku. Mwenyewe huirekebisha, hapasui kioo chake.

Mtapenda kujua yaliyotokea. Duka lilirudisha arbuni isipokuwa sehemu ndogo, na hasara hiyo waliibeba pamoja. Paa la jikoni limetengenezwa. Wamekubaliana kuweka kidogo kila mwezi, na binti akishahitimu watakwenda dukani wakiwa wawili, kutafuta saa ya bei ya chini kuliko ile. Mama ndiye aliyependekeza kwamba nyuma yake lichongwe jina la baba mkwe wake, na mwaka 1979.

Maswali ya kuzungumza pamoja jioni hii:

1. Je, kuna kitu nilichonunua au kuahidi ambacho mwenzangu hakijui?

2. Ni kitu gani mwenzangu amekitamani kwa miaka mingi, na je, nimewahi kumwuliza sababu?

3. Ni kiasi gani cha fedha ambacho hakuna kati yetu atakayekitumia bila kumwambia mwenzake? Kiandikeni.

4. Tungependa kuwaachia watoto wetu nini, mbali na mali?

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyetuunganisha, utufundishe kuzihesabu siku zetu na fedha zetu mbele ya macho ya mwenzetu. Utuondolee woga wa kusema na haraka ya kukata. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.