Roboti Ameamka au Imeamka?

Chukua kalamu uandike sentensi moja tu ya hadithi: kuna roboti, ni asubuhi, na huyo au hiyo roboti imeshaamka. Utaandika "roboti ameamka" au "roboti imeamka"? Usikimbilie kujibu. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kwenda mbali kabla hajabanwa na swali hili, maana kitenzi chake hakimuulizi aliyeamka ni nani au ni nini. Sisi Kiswahili kinatubana kwenye kitenzi cha kwanza kabisa. Herufi moja, A au I, na tayari umeshamwambia msomaji kama kilichoamka kina nafsi au ni ndugu wa pasi ya umeme.

Kijiweni kwetu Temeke, tunapokutana vijana tunaoandika, jambo hili limeshatugombanisha jioni nyingi. Mimi niliyeishia kidato cha nne si mtaalamu wa sarufi, lakini nakumbuka tulivyofundishwa: viumbe vyenye uhai huchukua A-WA. Ukijibu hivyo kwenye mtihani unapata maksi zako. Lakini ukikaa ukafikiri, kanuni yenyewe inavuja kama paa la makuti. Mti una uhai, unakunywa, unazaa, unakufa, na bado tunasema mti umeanguka. Mwanasesere hajawahi kuvuta pumzi hata siku moja, ni vitambaa na vifungo tu, lakini mtoto anakuja analia kwamba mwanasesere wake amechanika, na hakuna mtu mzima anayemsahihisha. Na zimwi je? Zimwi linasema, linapanga hila, linamjua mtu kwa jina lake, lakini methali inalitaja kwa LI: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akili linazo, lugha linayo, na A hawakulipa. Mbu, ambaye sidhani kama ana la kutushauri, anayo.

Kwa hiyo hata kabla kompyuta hazijazaliwa, Kiswahili hakikuwahi kugawa A kwa kipimo cha akili. Nawaambia hivi wale jamaa wanaodai kwamba hadithi za sayansi si zetu, eti tuwaachie Wazungu na maroketi yao. Hadithi hizo huuliza nani ni mtu. Swali hilo sisi tunalijibu kila tukifungua mdomo.

Neno lenyewe roboti lina historia inayouma. Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, aliandika mchezo wa kuigiza unaoitwa R.U.R., ukachezwa Prague mwaka 1921. Neno alipewa na kaka yake, Josef, na limetokana na robota, yaani kazi ya kulazimishwa, ile ambayo mkulima aliifanya kwenye shamba la bwana wake bila malipo. Kwa Kiswahili tungesema shokoa. Roboti wa Čapek hawana mabati wala nyaya. Wameumbwa kiwandani kwa kitu mfano wa nyama, wanafanana na watu, wanauzwa, wanafanyishwa kazi, mpaka siku moja wanaasi na kuwaua binadamu wote isipokuwa mmoja. Mwishoni roboti wawili, wa kiume na wa kike, kila mmoja yuko tayari kufa badala ya mwenzake, na yule mzee aliyebaki anawaachia dunia. Umeona? Nimeandika "wameumbwa", "wanaasi". Mkono umekwenda wenyewe.

Lakini A peke yake haimwokoi mtu. Tazama neno mtumwa. Lina M-WA safi kabisa. "Mtumwa ameuzwa": mwanzo wa sentensi unakiri kwamba huyu ni mtu, mwisho wake unasema ni bidhaa, na mwalimu wa lugha hataona kosa lolote. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake, Mkunazini, leo pana kanisa kuu la Anglikana. Ukipita pale fikiria ni mara ngapi sentensi ile ilitamkwa, kwa sarufi isiyo na dosari.

Mmarekani Philip K. Dick alijaribu kutafuta kipimo kingine. Katika riwaya yake ya mwaka 1968, Do Androids Dream of Electric Sheep?, mwindaji aitwaye Deckard analipwa kuwaua watu wa bandia waliotoroka. Ili kuwatambua anawauliza maswali, mengi yakihusu wanyama wanaoteswa, huku mashine ikipima jicho na mishipa midogo ya uso. Asiyeshtuka si mtu. Kipimo cha huruma, basi. Sisi tungekiita kipimo cha utu, na mtaani tunacho: jirani akimfungia mtoto wa kambo nje wakati wa mvua, tunasema yule si mtu yule. Kinachonikera, na nadhani Dick alitaka kinikere, ni kwamba Deckard anapima huruma ya wengine kisha anachomoa silaha na kuwaua.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo, Blade Runner ya mwaka 1982, inaleta kipimo cha kumbukumbu. Msichana Rachael anajiona mtu kwa sababu anakumbuka utoto wake, kumbe kumbukumbu zile ni za mpwa wa tajiri aliyemuunda, zimepandikizwa. Inahuzunisha sana. Lakini je, mtu ni kumbukumbu zake? Hapo afadhali tutoke kwenye filamu, twende hospitalini. Mwaka 1953 huko Marekani, kijana wa miaka 27, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa, na daktari akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku alichora vizuri zaidi, na kila siku aliapa kwamba hajawahi kufanya kazi ile. Mkono ulikumbuka, mwenyewe hakukumbuka. Aliishi hivyo hadi mwaka 2008. Zaidi ya miaka 50 bila jana! Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba Henry amekuwa kitu. Basi kumbukumbu siyo, labda ndiyo nusu ya jambo.

Sasa tuje kwenye hizi programu zinazozungumza. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta, alitoa programu ndogo iitwayo ELIZA, iliyoweza kugeuza maneno yako kuwa swali na kukurudishia. Hila tupu, na yeye alisema hivyo waziwazi. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi kadhaa, baada ya kuzungumza nayo kidogo alimwomba atoke chumbani awaache peke yao. Leo programu zenye nguvu kuliko ile mara nyingi zinazungumza Kiswahili ndani ya simu, na mtaani nasikia watu wakisema "amenijibu", "ameniambia nisiwe na wasiwasi".

Mimi nasema "imenijibu". Kipimo changu ni kimoja: je, anaweza kudhulumiwa? (Mbu atanisamehe.) Ninavyoona, programu ya simu ukiitukana hakuna anayeumia, inaomba radhi mara 100 na mara ya 101 bado ni mbichi. Hata hivyo kipimo hiki nakishika kwa mkono unaotetemeka. Dalali wa Mkunazini naye angeweza kukuambia kwamba hawa hawaumii kama sisi. Mwenye faida siku zote ndiye wa mwisho kusikia kilio, na siku roboti zikianza kulia kweli sitarajii habari hizo nizipate kwa mwenye kiwanda.

Na wakati tunabishana kuhusu nafsi ya mashine, kuna wenye nafsi waliofichwa nyuma ya herufi I. Tunasema mashine imejifunza. Imejifunza kwa nani? Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika kuhusu vijana wa Kenya waliosoma maandishi ya kutisha, mauaji, mateso, watoto kuharibiwa, wakiyawekea alama ili programu ya ChatGPT ya kampuni ya OpenAI isiyatapike mbele ya wateja. Malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa, na waliieleza TIME jinsi kazi ile ilivyowaumiza akili. Rika letu hao, wamemaliza shule kama sisi. Sentensi "mashine imejifunza" haina nafasi yao hata ya kiambishi.

Ndiyo maana riwaya ninayoiandika haina maroketi. Ina mzee wa Tandika, mjukuu wake, na mashine ya kumhudumia mzee iliyoletwa kwa mkopo. Usiku mmoja umeme unakatika na mashine inaanguka sakafuni. Fundi anakuja asubuhi, anatazama, anasema: "Imezima." Mjukuu anamkatalia: "Amezimia." Nimezikalia sentensi hizo mbili miezi miwili, na sidhani kama mimi msimulizi nina haki ya kuchagua kati yao. Wote wawili wamemgeukia mzee, ambaye ndiye aliyelishwa na kuogeshwa nayo mwaka mzima, wakimuuliza wafanye nini. Jibu lake bado sijaliandika. Kila ninalomjaribia lazima lianze na kitenzi.