Mgeni na Bei ya Kitanda

Neno letu "mgeni" lina uzito ambao mfasiri huuhisi pale anapojaribu kulivusha kwenda katika lugha nyingine. Kiingereza humtenga mtu usiyemjua na mtu uliyemkaribisha, kila mmoja akawa na jina lake. Sisi tumewatia wote wawili katika neno moja, kana kwamba kufika ni kukaribishwa. Na Wayunani wa kale nao walifanya vivyo hivyo. Je, yule alalaye kwa kulipa naye ni mgeni, au ni mnunuzi wa kitanda tu?

Pa kulipimia swali hili ni moteli, nyumba ya kulala wasafiri kandokando ya barabara kuu. Jina lenyewe lilianza California mwaka 1925, katika mji wa San Luis Obispo, pale msanifu majengo Arthur Heineman alipoyabana maneno mawili, la motokaa na la hoteli, yakawa moja. Msafiri huegesha gari mbele ya chumba chake, akalala, na alfajiri akashika njia.

Miongoni mwa zilizobaki, mashuhuri ni Blue Swallow, yaani mbayuwayu wa buluu, katika mji wa Tucumcari, New Mexico. Ilianza kujengwa mwaka 1939 kwenye Route 66, njia iliyoiunganisha Chicago na pwani ya California. Vyumba vina mabanda ya magari ubavuni, na usiku ndege wa taa za neoni huwaka juu ya bango. Kuanzia mwaka 1958 ilikuwa mikononi mwa Bibi Lillian Redman, aliyeishika kwa takriban miaka 40. Husimuliwa kwamba msafiri aliyeishiwa hakufukuzwa: alilipa kwa kitu alichokuwa nacho, ama hakulipa kabisa. Njia ile ilifutwa katika orodha rasmi ya barabara kuu mwaka 1985, na leo watu husafiri makusudi kwenda kulala humo kwa sababu ya ukongwe wake.

Kulipa kuna heshima yake, nasi watu wa pwani tusikidharau. Anayekirimiwa bure hubeba deni: hana budi kuamka mapema, kukisifu chakula, kujibu maswali ya ukoo wake hadi kwa babu wa babu. Aliyelipa yu huru hata na shukrani. Wala ukarimu wetu wa bandarini haukuwa mbali na faida. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi vijana walivyokuwa wakiziendea jahazi kwa madau, kila mmoja akimtaja mfanyabiashara fulani kuwa ndiye mgeni wake. Na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia.

Lakini fedha humpa mtu uhuru pale tu inapopokelewa. Katika Marekani ya miaka ile ile ya neoni, msafiri mweusi aliweza kuwa na noti mkononi na bado akaambiwa hakuna nafasi. Ndiyo maana Victor Hugo Green, mchukuzi wa barua aliyeishi Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza wenziwe nyumba zitakazowapokea. Na kitabu hicho kiliendelea kutoka hadi miaka ya sitini.

Sheria ya Haki za Kiraia ilipopitishwa Julai 1964, mwenye Heart of Atlanta Motel, nyumba ya vyumba 216 mjini Atlanta, alikwenda mahakamani kuipinga. Miongoni mwa hoja zake, alidai kwamba kulazimishwa kuwapokea weusi ni kutumikishwa bila hiari, akiitegemea ibara ile ile iliyokomesha utumwa! Tarehe 14 Desemba 1964 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya nchi walimkatalia. Na kwa msingi gani? Kwa msingi wa biashara baina ya majimbo, kwani takriban robo tatu ya wageni wake walitoka nje ya Georgia. Jaji Goldberg aliongeza kwa upande wake kwamba lengo kubwa la sheria hiyo lilikuwa heshima ya binadamu.

Mtunga mashairi angependa hukumu nzima isimame juu ya maneno hayo ya Goldberg. Hata hivyo, nauona msingi ule wa biashara kuwa imara kuliko unavyopendeza. Ukarimu ni zawadi, na mwenye kutoa zawadi ana haki ya kuizuia. Wema wa Bibi Redman ulikuwa wake, haukuwafunga majirani zake. Baba aliye njiani usiku wa manane, watoto wamelala kiti cha nyuma, hana haja ya kuuchunguza moyo wa mwenye nyumba. Anahitaji mlango ambao mwenye nyumba hana hiari ya kuufunga.

Basi mtu anayelipia leo usiku mmoja wa zamani ananunua nini? Ananunua taa, rangi za kuta, na kumbukumbu za walioingia. Waliopita bila kusimama hawakuacha kitu chumbani. Mjini Memphis ipo Lorraine Motel, mojawapo ya zilizotajwa katika kitabu cha Green, ambapo Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, nje ya chumba namba 306. Tangu mwaka 1991 ni makumbusho. Chumba hicho hutazamwa tu, hakikodishwi, nami naona waliofanya uamuzi huo walikuwa na haki.