Kinu cha Bibi Kiende kwa Nani?



Vijana wenzangu, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo mahubiri ya Jumapili hayaligusi mara nyingi: vyombo vya jikoni vinavyobaki mtu anapofariki. Shamba na nyumba vina wosia na mashahidi. Lakini kinu, mbuzi ya kukunia nazi, jiko la mchina, birika na masufuria? Hivyo vinabaki jikoni kimya, na arobaini ikishapita ndipo maneno yanaanza. "Mama aliniahidi mimi." "Wewe ulikuwa wapi alipokuwa anaumwa?" Wengi wenu mmeshayasikia hayo. Wengine yanaendelea nyumbani kwenu sasa hivi.

Yesu naye aliletewa kesi ya urithi. Fungua Luka 12:13-21. Mtu mmoja katika umati anamwomba amwambie ndugu yake wagawane mali. Yesu anakataa kuwa mwamuzi wao. Kisha anawaonya wote wajihadhari na tamaa, anawapa mfano wa tajiri aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule akafa.

Hivi mbona Yesu hakumsaidia tu yule bwana? Injili haisemi kwamba alikuwa mwongo. Huenda kweli alidhulumiwa. Ninavyoona mimi, Yesu alijua kwamba mtu anaweza kushinda kesi, akarudi nyumbani na fungu lake, na ndugu yake akawa amempoteza. Halafu msikilize yule tajiri wa kwenye mfano. Anaongea na nafsi yake juu ya mavuno, ghala na miaka mingi ijayo. Katika mazungumzo yake yote hakuna mtu mwingine hata mmoja. Hajiulizi chakula hiki kitaliwa na nani.

Swali hilo ndilo lililotusaidia sisi nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama alipofariki, aliacha jiko dogo la nje kijijini, mkoani Morogoro. Humo mlikuwa na kinu na mchi wake, mbuzi yenye meno yaliyokwisha, jiko la mchina lenye tangi lililoshika kutu, mashine ya mkono ya kusagia nyama, na sufuria kubwa la shughuli ambalo kijiji kizima kilikuwa kinakuja kuazima. Mama mkubwa alitaka kinu. Mama mdogo naye alitaka kinu hichohicho. Ukikipeleka sokoni hakina bei ya maana, lakini dada hao wawili walikaa miezi minne bila kupigiana simu.

Mjomba akaniambia, "Frateri, wewe ndiye mtu wa Mungu, hebu amua." Nilimjibu, "Mjomba, kama Bwana wetu alikataa kazi hiyo, mimi ni nani?" Ila niliomba tukae wote pale jikoni, nikauliza jambo moja: kinu hiki kilikuwa kinafanya kazi gani, na kazi hiyo sasa ataifanya nani?

Wakaanza kusimulia. Kisamvu. Mahindi ya kande. Watoto wa majirani waliokuwa wanakuja kutwanga kwa zamu na kuondoka na bakuli lao. Mama mdogo anaishi mjini, ghorofani. Mama mkubwa yuko palepale kijijini, na jumuiya ikikutana yeye ndiye anayepika. Hakuna aliyetoa hukumu. Mama mdogo mwenyewe alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kikae kwa dada. Mimi nipeni mbuzi." Sitakudanganya kwamba walikumbatiana siku ile. Ilichukua muda. Lakini simu zilianza tena.

Kutokana na hayo, naomba niwaachie mambo manne ya kushika.

Kwanza, tuviheshimu vyombo vya zamani. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliandika katika Kanuni yake, sura ya 31, kwamba mtunza ghala wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Sufuria la ugali na kalisi si kitu kimoja, hilo tunalijua. Ila vyote viwili viko kwa ajili ya kuwahudumia watu wa Mungu. Kwa hiyo kabla hujaona aibu ukasema "haya mazagazaga ya kizamani tupa kule", kumbuka ulilelewa kwa chakula kilichotoka humo.

Pili, tusiviabudu. Unamkumbuka nyoka wa shaba? Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, na watu wakapona (Hesabu 21). Vizazi vingi baadaye Waisraeli walikuwa wanamfukizia ubani, na mfalme Hezekia akamvunja vipandevipande (2 Wafalme 18:4). Fikiria: kilikuwa kitu halali, chenye historia ya kweli, kilichotoka mikononi mwa Musa! Hata hivyo kiligeuka kikwazo. Sasa ikiwa kumbukumbu ya bibi inakufanya umchukie binti yake wa kumzaa, jamani, hapo tunamkumbuka bibi gani?

Tatu, vitumike. Eliya alipochukuliwa, Elisha aliokota vazi lake lililoanguka. Hakulikunja akaliweka sandukuni. Alirudi nalo mtoni Yordani, akapiga maji, na kazi ya Eliya ikaendelea (2 Wafalme 2). Mbuzi ya bibi ilipelekwa kwa fundi, ikawekwa meno mapya, na sasa inakuna nazi ghorofani. Mashine ya nyama alipewa binamu yetu anayeuza sambusa stendi. Sufuria la shughuli liko kwa mama mkubwa, na anayelihitaji anaazima kama zamani. Tulipokuwa tunasoma falsafa tulikutana na fundisho hili kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino: mtu anaruhusiwa kuwa na mali yake na kuisimamia, lakini linapokuja suala la kuitumia, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Bibi hakusoma Tomaso. Alijua tu kwamba sufuria kubwa hivyo haliwezi kuwa la mtu mmoja.

Nne, kumpa maskini si kutupa takataka. Nabii Malaki, katika sura ya kwanza, anawakemea makuhani waliokuwa wanamtolea Mungu wanyama vipofu na vilema. Tuwe wakweli: mara ngapi "msaada" wetu ni kitu tulichoshindwa kukitumia? Jiko la mchina linalovuja mafuta ya taa ukimpa jirani asiye na kitu, umempa moto ndani ya nyumba. Litengeneze kwanza, na likishindikana kutengenezwa, usimpe mtu. La bibi lilikuwa limeoza tangi kabisa. Tuliliuza kwa watu wa vyuma chakavu, na hela ile kidogo ikaongezwa kwenye sadaka ya Misa ya kumwombea.

Kwa wiki hii nakupa kazi moja. Kama bado una bibi, mama au shangazi anayepika, nenda jikoni kwake. Usiulize nani atarithi nini; hapo utaleta balaa. Mwulize chombo alichonacho siku nyingi kuliko vyote amekipata wapi, na amewahi kulisha akina nani kwa chombo hicho. Kisha msaidie kupika. Na kama kwenu tayari mmekosana kwa sababu ya vyombo, uwe wa kwanza kupiga simu, hata kama haki iko upande wako.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, uliyewaandalia wanafunzi wako samaki na mkate kando ya ziwa, uwapokee mezani pako mabibi na mama zetu waliotutangulia, waliotulisha kwa mikono yao. Utuondolee tamaa ya kumiliki na kiburi cha kudharau. Uwapatanishe ndugu waliotengana kwa sababu ya urithi. Utujalie kupokea pamoja na vyombo vyao moyo wao wa kukaribisha, ili jikoni mwetu pasikosekane fungu la mgeni. Amina.