Barua ya Mheshimiwa

Ukifika Buseresere huwezi kujua Katoro inaishia wapi. Maduka yameungana, bodaboda ni zilezile, ila huku ni Wilaya ya Chato na kule ni Wilaya ya Geita. Mpaka huo hupata maana JKT ikitangaza nafasi za vijana wa kujitolea, kwa kuwa maombi yanaratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya. JKT husema wazi kwamba haiahidi ajira. Wazazi wao wanaona njia ya kwenda JWTZ au polisi, basi ushauri unaanza: “Muwahini mheshimiwa kabla nafasi hazijatoka.” Mheshimiwa ni mbunge, ambaye utaratibu haumpi kazi yoyote hapo.

Kwamba kimemo ni kibaya tulishakubaliana, kwa mdomo walau. Kinachonisumbua ni kwamba Marekani kitendo kama hichohicho ni halali. Kijana anayetaka kuingia chuo cha kijeshi cha West Point lazima apendekezwe, na wapendekezaji wakubwa ni wabunge wa Kongresi. Kila mbunge anaruhusiwa kuwa na wanafunzi 5 chuoni kwa wakati mmoja. Vijana wanahimizwa waiandikie ofisi yake mapema, na hakuna anayeona aibu.

Tofauti naiona kwenye mlango. Wa kule una kibao: mkazi yeyote wa jimbo agonge, kuna fomu, kuna tarehe ya mwisho. Wa kimemo hauna kibao. Unaujua kwa sababu shemeji yako ni diwani. Kijana anayeshinda kwenye makarasha akisaga mawe ya dhahabu hajui hata kama mlango upo.

Nisiwasifie Wamarekani kupita kiasi, lakini. Kuwahi nako kunataka mtu wa kukwambia uwahi. Mtoto wa kanali anaambiwa mezani akiwa sekondari. Wa mfagiaji anasikia tarehe ikishapita.

Kwa hiyo sisemi mbunge wetu akae kimya. Ana kipaza sauti na anazunguka jimbo zima. Atangaze mnadani, mapema: vigezo hivi, vyeti hivi, ofisi ile. Nilimweleza hivyo mama mmoja muuza dagaa, akanisikiliza kwa upole mpaka mwisho.

“Sawa, mwanangu. Sasa wakisikia wote, wa kwangu atapitaje?”