Kungoja Kusikokwisha: Khabari ya Uraibu wa Visa vya Vita

Baada ya kumsifu Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake, khabari ielezwayo katika kurasa hizi ni ya jambo lililoingia majumbani mwa Waislamu pasi na kupiga hodi, nalo ni uraibu wa kutazama visa vya askari, wapelelezi na vita, viigizwavyo kipande kwa kipande katika televisheni na katika simu. Watu wa pwani waujua vema uraibu wa tambuu na tumbako, kwani meno ya mraibu humshuhudia. Uraibu huu mwengine hauachi alama mdomoni. Kwa hivyo wengi wanao, wala hawajui kuwa wanao.

Mfano wake na utazamwe Mwigobero, katika mji wa Musoma, ukingoni mwa Ziwa Victoria, pahala pa mitumbwi na samaki na kivuko kiendacho Kinesi. Wavuvi wa dagaa katika ziwa hilo huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaikusanyikii taa, na wavuvi hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za mvuvi kukaa na watu wake, kushona nyavu, kumzuru mgonjwa na kulipa deni. Nazo ndizo ziliwazo na simu, na kile kibanda cha kuonyeshea filamu ambacho watu wamekiita kwa jina lake la haki, kibanda umiza.

Basi na akadiriwe mtu mmoja, Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyehamia huko kwa kutafuta riziki. Si mlevi, wala si mwizi. Baada ya Magharibi aketi atazame kipande kimoja tu. Kipande kikaisha, na mkono wa askari uko juu ya waya wa bomu, haijulikani atakata upi. Akafungua cha pili. Ikaadhiniwa Isha, akasema nafsini mwake kuwa wakati wa Isha ni mrefu. Usiku wa manane ukaingia ujumbe katika simu yake: mzee wa mwenziwe wa mtumbwini amefariki. Ule ujumbe ulikuwa umemfunika uso yule askari, naye akausukuma kwa kidole upate kuondoka. Kisha askari yule akauawa, na mtu huyu akamlilia kwa machozi ya kweli. Akalala alfajiri, akaamka adhuhuri, na maiti imekwisha kuzikwa. Alipofika matangani macho yake yalikuwa mekundu, na watu wakamshukuru, wakidhani kuwa amemlilia marehemu.

Hapa pana suali linalostahiki kufikiriwa. Mtu huyu hakumwibia mtu wala hakumpiga mtu. Sharia haikuharimisha kila mchezo, na mambo mengi ya kuburudisha nafsi ni mubaha. Basi khasara yake iko wapi?

Wako watakaojibu kuwa hapana khasara, kwani hata wazee walipenda khabari za vita. Ni kweli. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani mwaka 1728, ni kisa cha vita vya Waislamu na Warumi, na watu wa pwani waliusikiliza kwa raha. Walakini msikilizaji wake alijua mshindi ni nani kabla ya kuketi. Aliusikiliza pamoja na jamaa na majirani. Na ulipokwisha, ulikwisha.

Visa vya sasa havikufanywa ili viishe. Fundi wake hukata kipande pale fundo lilipokazwa, wala si pale lilipofunguliwa, na simu hufungua kinachofuata kabla mkono haujakata shauri. Kisa cha Kimarekani kiitwacho "24" kilianza mwaka 2001, na hata kufika mwaka 2010 kilikuwa na misimu minane, kila msimu vipande 24, jumla yake vipande 192. Kisa cha Kituruki cha Ertuğrul, kilichoonyeshwa tangu mwaka 2014 hata 2019, kina vipande 150, na kila kimoja ni karibu saa mbili. Hizo ni saa 300. Lau mtu atahesabu saa nzima kila siku kwa sala zake tano pamoja na udhu na sunna, basi saa hizo ni sala za miezi kumi.

Na hila hii si ngeni. Imesimuliwa katika sira khabari ya Nadhr bin Harith, mtu wa Makka, aliyekwenda Hira akajifunza visa vya wafalme wa Fursi na mashujaa wao, Rustam na Isfandiyari. Kila Mtume (S.A.W.) alipoondoka barazani, Nadhr alikaa pahala pake akawahadithia watu vita vya mashujaa hao. Hakuleta hoja, alileta hadithi. Alijua kuwa moyo ulioshughulishwa hauna haja ya kukanusha neno la haki, kwani hautalisikia.

Na aangalie msomaji jinsi Kurani ilivyosimulia kisa chake kirefu, Sura ya Yusuf, yenye aya 111. Mwanzoni tu imetajwa ndoto ya mtoto aliyeona nyota kumi na moja na jua na mwezi vikimsujudia. Na mwenye kuzingatia hufahamu tangu hapo kuwa mtoto huyo atatukuka, hata akitiwa kisimani, hata akitiwa gerezani. Msikilizaji ameepushwa na suali la "itakuwaje?" ili abaki na suali lililo kubwa zaidi, "mtu na awe vipi?" Awe vipi anapodhulumiwa na ndugu zake, na awe vipi wanapomjia wana njaa naye ana ghala mkononi? Na ndani ya sura hiyo yumo mngojaji, Nabii Yaakub (A.S.), aliyelia hata macho yakaingia weupe. Walakini kungoja kwake kulikuwa na kazi: alimwomba Mola wake, na akawatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye wala wasikate tamaa.

Hiyo ndiyo tafauti, na ndiyo khasara iliyokuwa ikitafutwa. Mwenyezi Mungu ametia moyoni khofu, huruma na shauku ili ziwe askari wa vitendo: mwenye kuogopa akimbilie salama, mwenye kuhurumia anyoshe mkono, mwenye shauku aondoke atafute. Mtazamaji huogopa, na hapana la kukimbilia. Huhurumia, na hapana wa kumsaidia. Hungoja, na lile analolingojea halimtaki chochote illa angoje tena. Baada ya miezi mingi moyo huzoea kusikia pasi na kutenda. Kisha hufika ujumbe wa msiba wa kweli, nao ukaonekana ni kizuizi kilichofunika picha.

Watu wa Mara hawakuhitaji picha ili wajue kungoja vitani ni nini. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, vijana wa Tanzania walikwenda kupigana hata mwaka 1979, na mmoja wa wakuu wao, David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, alikuwa mzaliwa wa Butiama; akafariki mwezi wa Oktoba 2024. Mzazi aliyekuwa na mwana huko alingoja khabari asiyoweza kuizima wala kuiharakisha, na kungoja kwake kulimtaka mengi: dua, subira, na jirani wa kukaa naye. Ni aibu iliyoje mtu kujua vyeo vya makamanda wasiopata kuwako, naye hajapata kumuuliza mzee wa mtaa wake aliyerudi vitani jinsi alivyorudi!

Watasema wengine kuwa kisa kama cha Ertuğrul ni cha Waislamu, na ndani yake mna sala na takbira. Heri ya hicho kuliko kinachomwonyesha Mwislamu kuwa ni adui tu, kama vilivyofanya baadhi ya visa vya Magharibi. Walakini takbira ya mwigizaji haimsalishi mtazamaji, wala ushujaa wa upanga wa mbao haumtii mtu ushujaa wa kuamka alfajiri. Mwenye kukawia na Isha kwa ajili ya kisa cha dini amekawia na Isha.

Basi dawa ni nini? Si lazima kuvunja televisheni, kwani anayevunja kwa hasira leo hununua nyengine kesho. Mtu na atangulize sala, kisha mgonjwa, maiti na watu wa nyumbani, ndipo atazame. Na ajiwekee kiasi kabla ya kuketi, wala si baada yake. Na kwa kuwa ndoana imetiwa mwishoni mwa kipande, basi na azime katikati, pale kisa kilipotulia, wala asingoje mwisho ambao si mwisho. Mwenye kuweza hayo ni mtazamaji. Asiyeweza amekwisha kuwa mraibu, na ajitibu kama watibiwavyo waraibu, kwa kuacha.

Na yule mtu wa Mwigobero, aliyeshukuriwa kwa machozi yasiyokuwa ya marehemu, bado ana mlango. Mwezi utapungua, na kabla haujapungua kuna usiku mmoja wa mbalamwezi wa kwenda kwa mwenziwe wa mtumbwini, akae naye, amwambie kweli, na wamwombee mzee dua. Hapo machozi, kama yatakuja, yatakuwa yamefika penyewe.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyoyo za Waislamu ziwe hai kwa yaliyo ya kweli, na azilinde nyakati zao na upotevu. Amin.